Watoto wa Kuazima

Siku matokeo ya mtihani yalipobandikwa, wazazi wa Shule ya Juu walimfungia mwalimu mkuu ofisini kwake, wakaanza kuvunja madirisha, moja baada ya jingine. Mwalimu mkuu alijikunja chini ya meza huku vioo vikimwangukia mgongoni, na nje mtu akawa anauliza nani ana kiberiti. Shule ilikuwa imeshika mkia tena. Si mkia wa kubishania, mkia kabisa, wa mwisho katika jimbo zima, na wazazi hawa wanaoponda kokoto tangu alfajiri mpaka jua linazama walikuwa wamechoka kuambiwa kwamba wamezaa vichwa maji.

Aliyemtoa mwalimu mle ndani ni Mama Mashine. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya elimu ya tarafa, bodi ndogo yenye shule mbili tu za kuangalia, Shule ya Chini bondeni na Shule ya Juu kwenye machimbo ya mawe. Jina alilipata kwa mashine yake ya kusaga nafaka, iliyonguruma karibu na soko kutwa nzima. Mwanamke wa maneno makavu na mkono mwepesi. Alipita katikati ya kundi akisukuma watu kwa viwiko, akamnyang'anya kijana mmoja jiwe, akamzaba kibao hapo hapo mbele ya baba yake, na baba mtu akarudi nyuma. Kisha akafungua mlango, akamshika mwalimu mkuu kola, na badala ya kumpa pole akamzaba na yeye.

"Hicho ni cha matokeo," alimwambia. "Sasa toka nje uwaombe radhi."

Watu wakacheka, hasira zikapoa, mawe yakadondoshwa chini. Ndivyo elimu ilivyoendeshwa katika tarafa ile, jamani, na msije mkasema nimetia chumvi.

Ila kibao hakiongezi wanafunzi. Serikali ilitoa fedha za shule kwa kuhesabu vichwa, na shule ambayo vichwa vyake vilipungua kiwango ilifungwa. Shule ya Juu ilikuwa chini ya kiwango miaka mingi. Watu wa machimbo walifuata mawe, mawe yakiisha upande huu wanahama na watoto wao, na waliobaki hawakutosha kujaza hata madarasa manne. Mama Mashine alizaliwa huko huko. Alijua kwamba siku shule ile ikifungwa, hakuna mtoto wa machimbo atakayeteremka mlima kila asubuhi kwenda kusoma bondeni. Atapewa nyundo ndogo, akae pembeni ya mama yake, aponde. Yeye mwenyewe aliwahi kupewa nyundo hiyo, na kidole gumba chake cha kushoto hakikuwa na ukucha mpaka leo. Kwa hiyo aliposema shule haifungwi akiwa hai, hakuwa anatafuta kura. Alikuwa anasema kweli.

Ndipo bodi ilipoanza kuazima watoto.

Mambo yenyewe yalikuwa rahisi. Mkaguzi alikuja mara moja kwa mwaka. Asubuhi alihesabu watoto wa Shule ya Chini, wengi, wamejaa mpaka kwenye veranda. Baada ya hapo alikaribishwa chakula, na mkaguzi wa zamani alikuwa mzee mpenda shibe, akila lazima alale kidogo. Alipokuwa anakoroma, nusu ya watoto wale walivuliwa sweta za bluu, wakavalishwa sweta nyekundu za Shule ya Juu, wakapandishwa lori na kupelekwa mlimani. Mzee akiamka, akijinyoosha, akipanda huko juu, anawakuta darasani wamekaa kimya na madaftari yao. Anahesabu, anasifu nidhamu, anaondoka. Sweta nyekundu zilitunzwa kwenye gunia ofisini kwa mwalimu mkuu wa Shule ya Juu, likateremshwa bondeni kila ukaguzi ulipokaribia. Baadhi zilinunuliwa na bodi. Nyingine zilikuwa za watoto waliozisahau darasani, na mwalimu huyo alikuwa anazifungia huko kimya kimya kila gunia lilipopungua.

Dereva wa lori alikuwa mdogo wake Mama Mashine, mtu mnene, mpole, ambaye tarafa nzima ilimwita Bonge. Wazazi wao walikufa yeye akiwa bado anatambaa, na dada yake ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamnunulia lile lori. Siku zote lilibeba magunia ya nafaka. Siku moja kwa mwaka lilibeba watoto.

Mwaka huu Bonge alikwenda kwa dada yake kwenye mashine siku ya kuamkia ukaguzi, akasimama mlangoni huku amejaa vumbi la unga.

"Dada, mwaka huu tuache."

"Tuache nini?"

"Huko machimbo kumejaa watu wageni, hawanijui. Na hujasikia? Wanasema kuna gari linaiba watoto. Juzi wamempiga muuza ndoo mpaka wakamvunja meno, eti alimwita mtoto ampe maji."

Mama Mashine hakuzima hata injini. "Muuza ndoo hana mwenyekiti wa bodi kwao. Wewe funika turubai, pita zako. Na ukiulizwa na mtu yeyote, neno la kuazima lisikutoke mdomoni. Likitoka, nimekwisha, na shule imekwisha. Niapie."

Bonge akaapa. Alikuwa hajawahi kumkatalia dada yake jambo hata moja.

Watoto nao waliapishwa, ila wao waliapishwa kwa fimbo. Mwalimu mkuu wa Shule ya Chini aliwapanga uwanjani akapita mstari kwa mstari. Ukiulizwa na mtu njiani unakwenda wapi, unasema nini? "Sijui." Ukiulizwa huyu dereva ni nani? "Simjui." Aliyejibu kwa kusitasita alichapwa mikononi mpaka jibu likatoka bila kigugumizi. Mama Mashine alikuwa amesimama pale kando, akaona wamefundishika, akaridhika.

Mkaguzi aliyekuja hakuwa yule mzee. Alikuwa binti mwembamba mwenye miwani, amevaa viatu vya kutembelea, anaendesha gari mwenyewe. Alihesabu watoto wa Shule ya Chini haraka, mara mbili. Alipokaribishwa chakula akasema ahsante, amekula. Alipoletewa chai akasema tumbo lake halipatani na chai. Mama Mashine akaona huyu mtoto sasa atamuua. Akamshika mkono, akamzungusha kumwonyesha vyoo vilivyobomoka, akamwonyesha paa linalovuja, akamwonyesha mpaka shimo la takataka, huku sikio lake liko nyuma ya jiko ambako watoto walikuwa wanapandishwa. Alipolisikia lori linaondoka ndipo akashusha pumzi.

"Twende basi huko juu," akasema mkaguzi. "Utanionyesha njia, mama."

"Mbona haraka, mwanangu? Pumzika kwanza."

"Sijachoka."

Wakaondoka. Mama Mashine alikaa kiti cha mbele, akawa anaomba Mungu lori lisiharibike, na kila kona aliikatia tamaa mpaka wakaipita. Hakujua kwamba lori lilikuwa limeshasimama.

Yaliyotokea pale machimbo alikuja kusimuliwa baadaye, na watu wengi, na wote walisimulia sawasawa. Lori lilipunguza mwendo penye tuta, pale ambapo wanawake hukaa na marundo yao ya kokoto. Chini ya turubai kulikuwa na joto la kufa mtu. Mtoto mmoja akatapika, mwingine akaanza kulia. Mwanamke mmoja akasikia, akainuka, akapiga yowe, na kabla Bonge hajaingiza gia jiwe lilikuwa limeshapasua kioo cha mbele. Wanaume wakatoka mashimoni na nyundo na mitaimbo yao. Wakalivuta turubai.

Watoto wamebanana humo ndani, wamelowa jasho, macho yamewatoka.

"Mnapelekwa wapi?" mtu akawauliza.

"Hatujui."

"Huyu anayewaendesha ni nani?"

"Hatumjui," wakajibu kwa pamoja, kwa sauti nzuri ya darasani. Nusu yao Bonge alikuwa akiwapa lifti kila siku ya soko.

Walimshusha kwa kumvuta miguu, kichwa chake kikagonga ngazi ya lori. Alijaribu kusema. Alisema ni watoto wa shule, anawapeleka Shule ya Juu. Wakamwambia Shule ya Juu ni ya kwetu, watoto wake tunawajua mmoja mmoja, hawa si wetu. Akaulizwa sasa hawa ni wa nani, na wamefichwa kwa nini. Hapo Bonge alinyamaza, maana alikuwa ameapa. Teke la kwanza likamwingia tumboni.

Bado lingeweza kuishia kwenye mateke. Lakini mponda kokoto mmoja, mtu mgeni aliyefika na mke na binti yake msimu ule, alikuwa anawateremsha watoto mmoja mmoja, na mikono yake ikakutana na sweta nyekundu yenye kiraka cha kitambaa cha shuka kwenye kiwiko. Kiraka kile alikishona mwenyewe. Binti yake alirudi nyumbani bila hiyo sweta wiki iliyopita, akasema imepotea darasani, akachapwa. Sasa ameivaa mtoto asiyemjua.

"Hii sweta ya binti yangu," akasema. Hakupiga kelele. "Binti yangu yuko wapi?"

Akamgeukia Bonge. "Mwanangu umempeleka wapi?"

Bonge akasema hajui. Ndiyo, hakujua. Sweta zilitoka kwenye gunia, yeye angejuaje? Lakini watu walisikia walichosikia, kila mzazi pale akaanza kuwaza aliyevuliwa hiyo sweta yuko katika hali gani, na mvua ya fimbo ikaanza.

Gari la mkaguzi lilipokunja kona, Mama Mashine aliona kwanza lori, halafu turubai chini, halafu migongo ya watu. Mkaguzi akafunga breki. Wakashuka wote wawili. Kati ya miguu ya watu Mama Mashine akamwona mdogo wake amelala ubavu kwenye kokoto, shati limechanika, mgongo wote ni damu na vumbi, mikono yake miwili ameizungusha kichwani. Kila alipopigwa mwili mzima uliruka, lakini mikono haikutoka kichwani.

"Kuna nini?" mkaguzi akamuuliza kando yake. "Mama, wale watoto ni wa wapi?"

Na hapo, msinilaumu mimi ninayesimulia, hapo Mama Mashine akaanza kutafuta uongo.

Alitaka uongo mmoja utakaotosha watu wawili. Akisema ni safari ya mafunzo, mkaguzi atauliza mbona amewahesabu asubuhi wakiwa na sweta za bluu. Akisema ni watoto wa Shule ya Juu, wenye shule yao wako pale pale na mitaimbo mkononi. Akisema huyu ni ndugu yangu mwacheni, watamwambia basi na wewe ni mwizi mwenzake, na mkaguzi atataka kujua ndugu yako anafanya nini na watoto wa serikali chini ya turubai. Akili yake, ambayo miaka yote ilikuwa haimwangushi, ilikuwa inakimbia huku na huku inagonga ukuta. Aliiona shule imefungwa kufuli. Aliwaona walimu wakuu wawili wamefungwa pingu, na yeye katikati yao. Aliviona vile vitoto vya machimbo na nyundo ndogo. Mdomo aliufungua, ukabaki wazi.

Bonge akainua uso, akatazama upande wa dada yake. Kisha ghafla akaishusha mikono. Mama Mashine akadhani nguvu zimemwishia.

Yule baba mwenye sweta alikuwa ameshika mpini wa nyundo. Alipiga mara moja, usoni. Mlio wake Mama Mashine aliusikia kwenye meno yake mwenyewe.

Ndipo sauti ikamtoka, sauti ile iliyozoea kushindana na injini, na watoto wote wakaanza kulia kwa kuisikia. "Ni watoto wa Shule ya Chini! Tunawaazima! Tunawaazima wahesabiwe mara mbili!"

Alikuwa anasukuma, anang'ata mikono ya watu, anapiga ngumi wasiohusika. Mtu akampiga kibao hata asijue ni nani. Akaendelea kusema. Alisema kila kitu, gunia la sweta, fimbo za uwanjani, mkaguzi mzee na usingizi wake, fedha za vichwa. Alimwambia mwenye sweta binti yako yuko darasani kwake, hajaguswa, nenda ukamwangalie. Watu wakatazamana. Yule mtu akaangusha mpini, akakimbia kuelekea shuleni bila kuangalia nyuma.

"Mnaazima watoto?" mwanamke mmoja akauliza. Alikuwa na jiwe mkononi, amelisahau. "Kama sufuria?"

Hakuna aliyecheka. Wale wale waliokuwa wanapiga ndio waliombeba Bonge, wanne, wakamlaza kiti cha nyuma cha gari la mkaguzi, na mmoja wao akavua shati lake akamwekea usoni. Mkaguzi aliendesha mpaka hospitali bila kumwambia Mama Mashine neno. Alilisema moja tu walipofika, alipoona machela inakuja.

"Ungeniambia asubuhi," alisema, "ningeandika barua mwenyewe kuwaombea. Shule za machimbo zina kiwango chao, cha chini. Hamkuuliza?"

Hawakuuliza. Kwenye bodi nzima hakuna aliyewahi kufungua kinywa kuuliza, maana walishaona wamewapiga chenga wakubwa, na raha ya kupiga chenga iliwatosha.

Bodi ilivunjwa. Walimu wakuu wote wawili walisimamishwa kazi, na wa Shule ya Juu, kabla hajaondoka, wazazi walimkamata tena, safari hii bila mtu wa kumtoa, wakamburuta kutoka ofisini mpaka barabarani kwa sababu ya zile sweta. Mwenye sweta alikamatwa, kisha akaachiwa mpaka kesi itakapoitwa, akawa haonekani machimboni. Na Shule ya Juu ilifungwa, kiwango au si kiwango, kwa udanganyifu. Mama Mashine alipita huko siku moja akaona watoto wamekaa kando ya mama zao wanaponda. Kesi yake na yeye ilikuwa inasubiri. Hakuiogopa. Mashine aliifunga, kutwa akawa hospitali.

Bonge alikuwa amepoteza jicho la kulia, na taya lilifungwa kwa waya. Kwa muda mrefu hakuweza kusema. Dada yake alimnywesha supu kwa mrija, alimfuta, alimgeuza, alimtukana muuguzi aliyechelewesha dawa. Usiku alilala kwenye kiti. Alikuwa na neno moja la kujifariji, nalo alilishika kwa mikono yote miwili: kwamba ilikuwa vurugu, vumbi, damu machoni, na mdogo wake hakuona nani amefika wala lini. Aliyejua alisimama pale muda gani ni yeye na Mungu. Na Mungu atamalizana naye baadaye.

Siku waya ulipotolewa, daktari alisema ajaribu vitu laini. Mama Mashine akaponda ndizi kwenye bakuli, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Dada," Bonge akasema. Sauti ilikuwa imekuwa ya mtu mwingine, nzito, ya puani.

"Usiseme sana. Kula kwanza."

"Siku ile nilikuona."

Kijiko kikabaki hewani.

"Ulishuka garini, ukasimama na yule binti. Mpaka hapo nilikuwa nimekifunika kichwa, nimejikaza kweli kweli. Nilipokuona nikasema moyoni, basi, dada kafika, yamekwisha." Akapumzika kidogo, maneno yalikuwa yanamchosha. "Ndiyo nikatoa mikono."

Alilisema bila kinyongo chochote, kama mtu anayeeleza alivyoteleza bafuni. Kisha akafungua mdomo, akasubiri ndizi.